Saini Ishirini na Tisa za Kuuza Shamba la Veronika

Vijana mlioingia kwenye mabaraza ya kata juzi na jana mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ndiye katibu wa kwanza katika kata yetu kuwa na stashahada, na jambo hilo lisipoandikwa litasahaulika. Pili, nimestaafu, na mke wangu amesema nikiendelea kumsimulia yeye peke yake atahamia kwa dada yake.

Mambo ya mshahara na vyeo sitayagusa. Katibu wa baraza la kata akianza kusimulia mshahara wake, habari inaisha kabla chai haijapoa.

Nilizaliwa hapa Mbozi, kijiji kisicho mbali na Iyula, mtoto wa mkulima wa kahawa. Nilimaliza darasa la saba, nikavuka mpaka pale Tunduma, nikaenda Kitwe, Zambia. Huko nilikaa miaka kumi na moja nyuma ya kaunta ya duka la vipuri, mchana nikiuza fani belti na jioni nikisoma. Wenzangu waliporudi nyumbani walirudi na redio na makoti ya ngozi. Mimi nilirudi na vitabu, nikafanya mitihani ya sekondari nikiwa na ndevu, kisha nikachukua stashahada ya sheria. Nilijilipia mwenyewe. Hakuna mjomba aliyetoa kitu, na wajomba ninao sita. Miaka ya mwanzo watu walinisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, Katibu!", huku wakicheka. Niliitikia "Bwino" bila kucheka, maana mtu akitaka kuheshimiwa lazima aitikie salamu kama mtu mwenye shughuli.

Siku ya kwanza barazani nilivaa suti ya kijivu na tai, nikabeba kitabu cha sheria za ardhi nilichokifunika kwa gazeti. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Lazaro, aliyesoma hadi darasa la nne na aliyekuwa ameendesha baraza tangu mimi niko Kitwe. Aliniangalia kuanzia tai kushuka chini.

"Umesoma?"

"Nimesoma, mzee. Stashahada ya sheria."

"Vizuri. Una mabuti?"

"Mabuti ya nini, mzee?"

"Shamba tunalokwenda limenyeshewa siku tatu."

Sikuwa na mabuti. Tulikwenda. Ndugu wawili waligombea mpaka, kila mmoja akidai mwenzake ameuza kipande kisicho chake. Nilifungua kitabu, nikaanza kutafuta kifungu. Mzee Lazaro hakuwauliza wale ndugu chochote. Aliwaita wake zao, mmoja mmoja, akamwambia kila mmoja, "Mama, nionyeshe jembe lako huwa linaishia wapi." Wote wawili walikwenda moja kwa moja kwenye tuta lilelile, wakasimama palepale. Shauri likaisha mimi bado niko kwenye yaliyomo. Nilirudi nyumbani nikiwa na tope hadi kwenye tai, na kesho yake nikanunua mabuti.

Kwa hiyo somo la kwanza nawapa bure: mpaka wa shamba, anayeuza haujui, wala anayenunua. Anaujua anayepalilia.

Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa mabuti hayo, kamba ya katani niliyoifunga fundo kila baada ya mita tano, kidau cha wino, muhuri na mfuko wa plastiki wa kufunikia majalada, kwa kuwa bati la ofisi lilivuja juu ya meza yangu tu na halikuwahi kuvuja juu ya meza ya mtendaji. Muhuri niliutunza kama jicho. Kalamu usiazimishe. Mwananchi akiondoka na kalamu yako huwezi kumfungulia shauri, nimeangalia.

Wakati naanza, baraza liliamua mashauri. Baadaye sheria ilibadilishwa, tukabaki wa kusuluhisha tu: unakaa na pande mbili, unajaribu kuwapatanisha ndani ya siku thelathini, ikishindikana unaandika kwamba imeshindikana wakaendelee wilayani. Wenzangu walisikitika, wakasema tumenyang'anywa rungu. Mimi niliona tumepandishwa daraja. Kumwamuru mtu ni rahisi. Mfanye acheke pamoja na kaka yake aliyeuza shamba la marehemu baba yao, hapo ndipo stashahada inapoonekana.

Maana mashauri yetu, saba katika kila kumi tuliyoyapokea, kama si nane, yalikuwa hayo hayo: baba amefariki, mirathi haijafunguliwa, mtoto mmoja ameuza, wengine wanapata habari wanapokuta mgeni anapima kwa miguu. Kijana mmoja aliuza shamba la mama yake akanunua mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule machimboni Saza, akamwahidi kumrudishia mashamba kumi. Alimrudishia ile mashine. Mama aliifungia mbuzi.

Na kila muuzaji siku hizi ana karatasi. Mnunuzi mwenye akili hanunui bila muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaosema ndugu wamekaa, wameridhia, na saini zao ni hizi. Somo la pili basi: muhtasari wa ukoo usomwe kuanzia chini. Juu pameandikwa na mtu anayejua kuandika. Chini kwenye saini ndiko kwenye watu. Nimewahi kuona saini kumi na mbili zenye mkono mmoja, mwandishi akichoka kadiri anavyoshuka, hadi ndugu wa mwisho akapata mstari tu.

Sasa nije kwa Veronika.

Veronika alikuja asubuhi ya Jumanne, miguu ina umande, akakaa kwenye benchi la wadai bila kuambiwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyeachika huko Vwawa akarudi kwa baba yake, Mzee Mateo, na watoto watatu. Miaka tisa alikuwa amehudumia kahawa ya mzee: ekari mbili na nusu na nyumba ya matofali ya kuchoma ndani yake. Mzee Mateo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Mwagona, Katibu."

"Mwagona, mama. Kuna nini?"

"Kaka yangu Jailosi ameuza shamba. Mwenye kununua amekuja jana na watu wa kuhesabu miti. Nikafurahi, nikadhani ni maafisa kilimo. Nikawapikia na chai. Wamemaliza kunywa, mmoja ananiambia, mama, Jumatatu ijayo tunakuja kung'oa, chuma zilizoiva uhamishe na vyombo."

"Kung'oa kahawa?"

"Yote. Anapanda parachichi."

Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwa nyekundu. Nilimuuliza kama aliwahi kukaa kikao chochote cha ukoo. Akaapa hajakaa. Nilimwandikia maelezo yake, nikatuma wito kwa mnunuzi na kwa Jailosi.

Mnunuzi alikuja kesho yake kwa gari lake mwenyewe, kanzu nyeupe na kofia. Alikuwa Haji Mbaraka, msafirishaji wa Tunduma mwenye asili ya Pangani, mtu mstaarabu sana. Nilimpenda tangu aliposema "Hodi" mlango ukiwa wazi.

"Bwana Katibu," aliniambia, "mimi sikununua gizani. Nilimwambia kijana, kwetu mali ya marehemu ni moto, niletee ridhaa ya ndugu. Akaniletea hii." Akafungua bahasha. "Saini ishirini na tisa. Ukoo mzima. Na huyu dada anayelia," akaweka kidole, "huyu hapa, wa nne. Veronika."

Nikamwita Veronika aliyekuwa anasubiri nje. Aliiangalia karatasi, akaisogeza, akaivuta.

"Hii ni saini yangu," alisema taratibu.

"Alhamdulillahi," alisema Haji.

"Lakini sijasaini."

"Dada yangu, ama ni yako ama si yako."

"Ni yangu! Hiyo V mimi naijua, naikunja mguu. Lakini sijasaini, Katibu. Wallahi, si mlokole mimi lakini sijasaini." Akanigeukia. "Au nimeanza kuchanganyikiwa? Mama yangu mzazi alianza hivihivi."

Ndugu wengine niliowahoji siku hiyo hawakumsaidia. Kila mmoja aliitambua saini yake na hakuna aliyekumbuka kikao. Mjomba wao mmoja aliiangalia ya kwake kwa mapenzi, akasema, "Itakuwa nilisaini tu. Mimi nasaini sana." Hapo Haji Mbaraka akafunga bahasha. Aliniachia nakala, akasema atasubiri usuluhishi wa Ijumaa kwa heshima ya baraza, lakini Jumatatu watu wake watakuwa shambani.

Nilibaki na ile nakala mezani. Kichwa kilichapwa kwa kompyuta: Muhtasari wa Kikao cha Ukoo, ajenda moja, kuridhia kuuza. Ukurasa wa pili ulikuwa kivuli cha karatasi iliyopigwa mistari kwa mkono, majina na saini, na upande wa kulia umekatwa, kwa kuwa mistari ilifika ukingoni ikaishia hewani. Nikausoma kutoka chini kama kawaida yangu. Ishirini na tisa, ishirini na nane. Nilipofika ishirini na tatu nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Namba ishirini na tatu iliandikwa: Ezekia, Stashahada. Saini ilikuwa ndefu, ina mkia unaorudi chini ya jina zima. Katika mkoa mzima wa Songwe saini ile ni moja. Niliibuni Kitwe, ilinichukua wiki mbili.

Ezekia ni mimi.

Mimi si wa ukoo ule, wala sikuwahi kuridhia kuuzwa hata mche. Lakini lililonitisha lilikuwa jingine: nilikuwa nimekumbuka nilisaini wapi.

Kwetu mtu akifiwa, kitongoji kizima kinakwenda, na balozi wa nyumba kumi anakaa mlangoni na daftari. Unaandika jina, unasaini, na pembeni balozi anaandika ulichokuja nacho: jembe, chepeo, kuni, ndoo ya maji. Asiyefika, au aliyefika mikono mitupu, husomwa mbele ya mkutano wa kitongoji na kupewa adhabu, kwa kawaida zamu mbili za kuchimba makaburi. Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wa wanaukoo. Majirani wanaanzia wa tatu.

Nilipokwenda msiba wa Mzee Mateo, sikuona sababu ya kusaini ukurasa wa tatu. Nilimwambia Balozi Enoki kwamba mtu wa nafasi yangu huandikwa mbele, nikachukua kalamu mwenyewe nikajiandika kati ya wajomba. Na sikuwa na jembe. Nilikuwa na viatu vipya vya ngozi, nilivinunua Nakonde wiki ile ile, na udongo wa kule ni mwekundu. Nilikaa. Balozi Enoki akaandika jambo pembeni ya jina langu. Kwenye mkutano wa kitongoji sikutokea, nikasema nina kazi za serikali, na tangu hapo kila Enoki aliponiona barabarani mimi nilikuwa na haraka.

Hilo ndilo lilikuwa upande wa kulia, pale palipokatwa.

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Lazaro jioni ile ile. Alikuwa amezeeka, bado mwenyekiti, anakoboa mahindi kwa gunzi. Nikamwekea karatasi magotini.

"Mzee, kikao hiki hakikuwepo. Huu ni ukurasa wa daftari la msiba wa Mateo. Jailosi atakuwa aliliazima, akaupiga kopi, kopi akaikata pembeni."

"Unajuaje?"

"Nimo."

Akatafuta kwa kidole hadi akanipata. "Wewe ni mjomba wa Mateo?"

"Hapana, mzee. Nilisaini mbele."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha ukingo uliokatwa.

"Haya. Daftari lenyewe analo Enoki?"

"Analo."

"Basi liletwe Ijumaa, lisomwe."

"Mzee, nilikuwa nafikiri, labda tuandike tu kwamba saini zina mashaka, twende kwa hoja ya kisheria. Mirathi haijafunguliwa, hakuna msimamizi, hivyo..."

"Ezekia. Pembeni ya jina lako pameandikwa nini?"

Nilimwambia. Mzee Lazaro aliweka gunzi chini. Alicheka hadi mkewe akatoka jikoni na kikombe cha maji, naye akaelezwa, akacheka hadi akakaa.

Alipopata pumzi alisema, "Hoja yako ya kisheria ni nzuri. Itakwenda wilayani, itashinda baada ya miezi. Kahawa inang'olewa Jumatatu. Na yule mwanamke anadhani amepata wazimu kwa kuwa ameiona saini yake. Sasa wewe msomi nipigie hesabu: tuokoe kahawa ya Veronika au viatu vyako?"

Nikasema, "Mzee, vile viatu vimeshachakaa."

"Basi imekuwa rahisi."

Haikuwa rahisi. Nawaambia ukweli kwa sababu nyinyi ni wenzangu: nilikaa na wazo la kunyamaza usiku kucha, nikalipa kila jina zuri, nikaliita utaratibu, nikaliita maslahi ya ofisi. Asubuhi nilivaa mabuti nikaenda kwa Balozi Enoki. Alikuwa anachonga mpini. Nilipomwomba daftari alisimama.

"Hee! Leo huna haraka, Katibu?"

"Balozi, nalihitaji barazani. Kuna haki ya mtu humo."

"Nitalileta mwenyewe. Nitalisoma mwenyewe. Na siruki jina."

"Sikuombi uruke."

Akaegemeza mpini ukutani. "Basi kweli kuna haki ya mtu humo," alisema.

Ijumaa ofisi ilijaa, wengine wakasimama madirishani. Sikukaa kiti changu. Nilieleza kwamba jina langu limo kwenye karatasi inayobishaniwa, hivyo siku hiyo mimi ni shahidi, na mjumbe mmoja, Mama Kisa, ataandika. Hilo nalo lishikeni: ukiwa ndani ya shauri, toka mezani. Hakuna aliyenifundisha. Nililijua.

Jailosi alikuwa kijana mtanashati wa miaka hamsini, kama mnavyowajua vijana wa aina hiyo. Haji Mbaraka alikaa kando yake, mikono juu ya fimbo. Veronika alikaa peke yake upande wa pili, akiwa amejifunga kanga mbili kana kwamba anasafiri.

Mzee Lazaro akamuuliza Jailosi, "Kikao hiki kilikaa?"

"Kilikaa, baba. Nyumbani kwa marehemu. Saini si hizo?"

"Katibu naye alikuwepo? Namba ishirini na tatu."

Nakala ile Jailosi aliitengeneza kwa ajili ya Haji. Hakuwahi kufikiri itafika barazani. Akaichungulia tena. "Alikuwepo kama... mshauri."

"Ulimwita?"

"Nilipoona jina lake lina diploma nikaona liache. Linapendezesha."

Sikukasirika sana na jibu hilo.

Ndipo Balozi Enoki akaingia na daftari lake la jalada gumu, akalifungua juu ya meza, akalaza ile nakala pembeni ya ukurasa wa kwanza. Watu wa dirishani walisukumana. Saini zililingana, mstari kwa mstari, mpaka doa la wino kwenye namba kumi na moja. Ila kwenye daftari mistari haikuishia hewani.

"Namba moja," alisoma Balozi, kwa sauti ya kusoma matangazo kanisani. "Jailosi. Mfiwa. Namba mbili, jembe. Namba tatu, chepeo. Namba nne, Veronika, mfiwa, ndoo za maji sita."

Veronika akafunika mdomo. "Ni siku ya baba," alisema. "Ni siku ile ya baba!"

"Jailosi," aliuliza Mzee Lazaro, "mnapokaa kikao cha kuuza shamba, huwa mnakuja na machepeo?"

"Kilikuwa kikao cha kazi, baba."

"Na ndoo sita za maji?"

"Kulikuwa na joto."

Dirishani wakapiga yowe. Balozi Enoki akasubiri watulie, akaendelea, jembe, kuni, jembe, hata yule mjomba mwenye kusaini sana akasomwa na mzigo wake wa kuni. Nilikuwa nahesabu kama mtu anayesubiri sindano. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

"Namba ishirini na tatu," akasema, akageuka kunitazama. "Ezekia, Stashahada. Hakuleta kitu. Hakuchimba. Alikaa kiti cha mchungaji."

Sitawaelezea kicheko kile. Ng'ombe wa jirani waliinua vichwa. Mama Kisa aliyekuwa anaandika aliuliza, "Hilo la kiti nalo niliweke?" Nikamwambia, "Weka lote, mama. Pasipo hilo hakuna atakayeamini kwamba daftari halikupikwa." Nikasimama, nikasema ni kweli, nilikuwepo, nilikaa, sikuchimba, na siku ile hakuna aliyezungumza habari ya kuuza shamba, kwa sababu mwenye shamba alikuwa ndani amelazwa kitandani, hajazikwa.

Kicheko kikakatika. Haji Mbaraka alikuwa amesimama.

"Hebu nielewe," alisema. "Hizi saini zilipowekwa, marehemu alikuwa bado ndani?"

"Alikuwa ndani," alisema Balozi.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akamgeukia Jailosi. "Wewe bwana, watu wamekuja kumzika baba yako, umewachukua mikono yao ukaniuzia mimi? Umenilisha sadaka ya msiba nikidhani ni biashara?"

Jailosi alianza kusema kwamba yeye ni mtoto wa kwanza wa kiume, kwamba alidhani shamba ni lake na wengine ni kama wapangaji, kwamba Tunduma kuna nafasi na yeye huku kijijini anazeeka. Hapo sauti yake ilikuwa ya kweli kwa mara ya kwanza, nikamwonea huruma kidogo. Mimi pia niliwahi kutaka kuondoka. Ila mimi niliondoka na nauli yangu.

Usuluhishi haukuchukua nusu saa. Mauziano yafutwe. Jailosi amalizane na Haji, wao wawili, mbali na shamba. Ukoo umteue msimamizi, mirathi ifunguliwe, na Veronika abaki nyumbani na kahawa yake bila kubughudhiwa. Haji akauliza, nusu kwa utani, "Na miche yangu ya parachichi? Mia mbili iko kwenye gari."

"Kaipande kwa mtu mwenye shamba lake, Haji," alijibu Veronika. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiinua kichwa. Haji akacheka, akamwomba radhi, kwa maneno mazuri ya pwani ambayo huku kwetu hayapatikani hata ukiyatafuta.

Balozi Enoki alinikumbusha mlangoni kwamba adhabu yangu iko palepale. Nilichimba zamu zote mbili kabla mwaka haujaisha, na wachimbaji watawaambia kwamba pembe za kaburi nilizochonga mimi zilikuwa za mraba kamili.

Lakini kabla ya hapo ilibidi makubaliano yasainiwe, na hapo tukakwama. Mama Kisa aliandika ukurasa safi, akaweka kalamu. Ndugu ishirini na kitu waliokuwa pale ofisini, hakuna aliyeigusa.

"Mimi sisaini tena," alisema mjomba mwenye kusaini sana.

"Mzee, hii ndiyo ya kurudisha shamba."

"Hata ile sijui ilikuwa ya nini."

Tulivutana hadi Mama Kisa akapata wazo: kila mtu aandike mwenyewe, pembeni ya jina lake, anasaini kwa ajili ya nini. Wakakubali. Mmoja akaandika, nasaini kwamba sijauza. Mwingine, nasaini niko salama. Mjomba alichukua mistari mitatu kueleza kwamba yuko kwenye baraza, ni mchana na hakuna aliyekufa. Haji aliandika kwa Kiarabu. Jailosi aliandika jina lake dogo sana.

Veronika alikuwa wa mwisho. Aliishika kalamu muda mrefu, akiutazama ukurasa kama mtu anayetafuta pa kukanyaga.

"Katibu," akauliza, "karatasi hii nayo inaweza kukatwa pembeni?"

Nilitaka kumwambia haiwezekani, kwamba iko mikononi mwa serikali. Nikakumbuka niko mbele ya nani. "Karatasi yoyote inakatika, mama."

Akatikisa kichwa. Akaigeuza ile karatasi ubavu, akainama, akaandika jina lake kuanzia ukingo wa kushoto kabisa hadi ukingo wa kulia kabisa, herufi moja moja, kubwa kama tofali. Lilipita juu ya jina la kaka yake, juu ya Kiarabu cha Haji, juu ya stashahada yangu na mkia wake. Ile V aliikunja mguu hadi chini. Herufi ya mwisho iliishia mezani.

Sikupata nafasi ya kugonga muhuri. Nikageuza karatasi, nikagonga nyuma.